Bunduki za Lyle Hruska

Jumapili ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, Verna Kessler alitoka kanisani, akabandika kifuani beji ya chama cha wawindaji, akaendesha gari lake moja kwa moja hadi ukumbi wa zimamoto wa Kettle Run kwenda kuwapa watu wa mjini vidonge vyao. Tangazo la mkutano lilikuwa limebandikwa dukani, posta, hata mlangoni kwa kinyozi: wananchi wote wanakaribishwa kuzungumzia namna ya kuzuia vifo vya bunduki katika kaunti yetu. Walioitisha mkutano ni mchungaji mmoja mgeni na muuguzi wa hospitali ya makao makuu ya kaunti, mama aitwaye Ingrid Saltz. Watu wa bonde hilo la Kettle Run walilisoma tangazo hilo kama mtu anayesoma matusi yake mwenyewe, wakaambiana kwamba siku hiyo hakuna kubaki nyumbani.

Na wa kuwasemea alikuwa Verna, nani mwingine? Alikuwa na miaka sitini na sita, mwembamba, goti moja bovu, sauti ya kupasua ukuta. Sauti hiyo aliipata kwenye basi la shule, aliloliendesha tangu ujana wake hadi alipostaafu, na bondeni hakuna mtu mzima ambaye hakuwahi kufokewa naye akae chini. Jumamosi aliwafundisha watoto wa chama kushika bunduki, na kwenye jambo hilo hakuwa na mchezo. Mzazi aliyekuja kulalamika kwamba mwanawe amegombezwa aliondoka ameufyata. Mama yake Verna alifariki mapema, na baba yake alishinda chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe, hivyo Lyle, mdogo wake wa pekee, alilelewa na yeye. Alimwogesha, akamfundisha kusoma, akamfundisha kulenga. Yeye na marehemu mumewe Gus hawakujaliwa watoto, na waliomwonea huruma kwa hilo aliwajibu kwamba yeye wa kwake alimpata kabla ya harusi, nao wafikirie watakavyo.

Sasa bondeni kuna desturi moja ambayo haizungumzwi. Mwanamume akiingia kwenye kipindi kibaya, mke akamkimbia, kazi ikaota mbawa, au ameanza kunywa asubuhi, mtu wake wa karibu humwendea na kumwambia, "Nipe bunduki zako nikazisafishe." Basi. Mwenye bunduki haulizi kwa nini. Anazitoa zote, na za babu yake pia, hata kama alizipaka mafuta jana yake. Zinakaa huko mwezi, au miezi, au mwaka. Siku akijiona yuko sawa, huja na kuuliza, "Umemaliza kuzisafisha?" na jibu ni moja tu: nimemaliza, njoo uzichukue. Kumjibu "bado" ni kumwita mwendawazimu ana kwa ana, na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Wala hakuna anayesimulia nani alimsafishia nani. Ndugu hukaa na siri hiyo, jirani hujifanya hajui, na maisha yanaendelea.

Kipindi kibaya cha Lyle kilianza mwezi wa nne. Kiwanda cha mbao alikokuwa fundi wa mashine kilifungwa, na hata machozi ya hilo hayajakauka, mkewe Joanne akafungasha virago akaenda kuishi na binti yao Kayleen huko Ohio. Siku moja Verna alimkuta ndugu yake gereji, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, taa imezimwa, mikono magotini. Hakuwa akifanya chochote. Verna alijitia hajaona kitu.

"Nimekuja kuchukua bunduki zako nikazisafishe," alisema.

Lyle alitia mkono mfukoni, akamrushia ufunguo wa kabati.

"Ile ya baba ina kutu kidogo mdomoni," alisema.

Haikuwa na kutu hata chembe. Verna alizipakia zote garini, akazifungia kwenye sefu ya Gus iliyokuwa chumba cha chini, na usiku huo akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nzima.

Kiangazi kilipita. Lyle alianza tena kunyoa ndevu, akawa anakuja kula kwa dada yake Jumapili, akawa anatania watu. Verna alifurahi, lakini si kwa moyo wote. Mwezi wa kumi Lyle alimgawa mbwa wake wa kuwindia kwa jirani, mbwa aliyemlea tangu akiwa kitoto, akasema tu amechoka na manyoya. Jambo hilo halikumkaa Verna vizuri moyoni. Alitaka kumuuliza, akakosa pa kuanzia.

Ukumbini mchungaji alikuwa amepanga viti kwa duara ili watu watazamane. Wanaume wa chama waliingia na kofia zao za kuwindia za rangi ya chungwa, wakavitazama viti, wakavivuta vyote na kuvipanga safu safu.

"Sisi si watoto wa chekechea bwana, tukae duara tuimbe," alisema Merle Tomczak, mwenyekiti wa chama, pande la mtu, na watu wakaangua kicheko. Mchungaji naye alicheka, maskini, akidhani amekaribishwa.

Lyle alikaa safu ya nyuma na wenzake wa kiwandani, miguu ameinyoosha, kikombe cha kahawa tumboni.

"Umenyoa leo, Lyle? Una mchumba humu?" mmoja alimchokoza.

"Nimemnyolea mchungaji. Nasikia anatafuta kondoo."

Ingrid Saltz alipopewa nafasi hakupamba maneno. Alisema wengi wanaokufa kwa risasi katika kaunti hii hawauawi na majambazi. Wanajiua wenyewe, nyumbani kwao, na wengi wao ni wanaume wa makamo. Akasema mwanawe alikuwa mmoja wao. Ukumbi ukanyamaza. Kisha akasema kuna sheria inapendekezwa, kwamba familia ikimwona mtu wao yuko hatarini inaweza kumwomba jaji aamuru bunduki zake zichukuliwe kwa muda. Hapo ukumbi ukaacha kunyamaza.

"Yaani mke wangu akinikasirikia anampigia jaji simu, kesho askari wako mlangoni?" Merle alifoka.

"Mkeo amekukasirikia tangu siku ya harusi, Merle!" sauti ya nyuma ilidakia.

"Ndiyo maana hiyo sheria naiogopa!"

Kicheko kikapanda mpaka darini. Halafu mtu akasema, mwacheni Verna aongee, na wengine wakaitikia, Verna, Verna, mpaka akasimama. Alikuwa amejiandaa. Aliongea juu ya haki waliyoachiwa na wazee wao, juu ya askari ambao hufika bondeni saa nzima baada ya kuitwa, juu ya watu wa mjini wanaodhani kila mwenye bunduki ni muuaji anayesubiri siku yake. Aliongea vizuri kwelikweli. Kila alipopumua walimpigia makofi.

"Mama Saltz, pole kwa mwanao," alimalizia. "Nasema kwa moyo wangu wote. Lakini msiba wako usitufanye sisi watuhumiwa."

"Sikuja kumtuhumu mtu," alijibu Ingrid. "Nauliza tu. Mtu wenu akifika pale alipofika mwanangu, nyinyi mnafanya nini?"

Hapo Verna angeweza kukaa chini. Alikuwa ameshashinda, na kila mtu alijua hivyo. Lakini alikuwa na jibu, tena jibu zuri, na mtu aliyezoea kushinda mabishano hawezi kwenda nyumbani na jibu zuri mdomoni.

"Tunazichukua wenyewe," alisema.

"Verna, yatosha," Merle alimnong'oneza, akimvuta sweta.

"Niache niwaambie, Merle, wasije wakadhani tunaishi kama wanyama." Akawaambia. Aliieleza desturi yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, mbele ya mchungaji mgeni na watu wa mjini na mwandishi wa gazeti la kaunti. "Hivi ninavyoongea, kwenye sefu yangu kuna bunduki za mtu wa damu yangu. Nilizifuata mwezi wa nne. Hakubisha, hakupiga kelele. Leo yuko mzima, anakula, anacheka. Hakuna jaji, hakuna askari, na hakuna aliyeaibishwa."

Mtu wa damu yake bondeni alikuwa mmoja tu. Vichwa vilianza kugeuka, kwanza kimoja, kisha vyote, kuelekea safu ya nyuma. Verna aliviona vikigeuka ndipo akatambua alichofanya. 

"Na akizitaka?" aliuliza Ingrid taratibu.

"Akizitaka ni kwamba amepona. Anapewa."

"Nani anaamua kwamba amepona?"

"Si yeye mwenyewe? Nani tena?"

Lyle alikuwa ameshasimama. Masikio yalimwiva wekundu, lakini alikuwa anatabasamu, na alisubiri mpaka ukumbi wote ukatulia.

"Basi, dada," alisema, "umemaliza kuzisafisha? Maana Jumamosi msimu unafunguliwa, na mimi kulungu siwezi kumpiga kwa kijiko."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Ilikuwa njia ya kiume ya kuondoa aibu, na wanaume wote mle ndani walimshukuru kwa hilo. Verna alisimama mbele yao akiwa amekishika kiti kwa mikono miwili. Alimwona Lyle juu ya ile ndoo gerejini. Alimwona mbwa wa Lyle kwa jirani. Neno "bado" lilimfika kwenye ulimi kabisa. Lakini angelitamka, angekuwa amemvua ndugu yake nguo mara ya pili, na angekuwa amempa Ingrid Saltz ushindi wote kwenye sahani, mbele ya Merle, mbele ya gazeti. Na Lyle kweli alionekana mzima, akinyoa, akitania. Ni nani angemlaumu?

"Nimemaliza," alisema. "Njoo uzichukue."

Walimpigia makofi wamesimama. Merle alipiga mluzi kwa vidole viwili.

Nje, kwenye maegesho, Ingrid alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mwambie kuna moja umeivunja," alisema. "Mwambie umepoteza ufunguo wa sefu. Chochote."

"Unataka nimdanganye ndugu yangu?"

"Ndiyo. Mdanganye."

"Wewe mama hunijui, na yeye humjui," Verna alimjibu, akafunga mlango wa gari kwa nguvu. 

Lyle alifika nyumbani kwa Verna muda mfupi baadaye, jua bado liko juu. Alizibeba bunduki mbili mbili kutoka chumba cha chini, akizikagua moja moja, akasifu jinsi zilivyopakwa mafuta. Ile ya baba yao aliibeba ya mwisho.

"Umenivua nguo mbele za watu, dada," alisema bila kumtazama.

"Najua. Mdomo wangu huu. Nisamehe, Lyle."

"Yameisha."

"Lyle." Verna alijikaza akauliza lile ambalo bondeni halikuulizwa kamwe. "Uko sawa? Kweli kabisa?"

Lyle alicheka. "Ala! Sasa na wewe umekuwa muuguzi?"

 Verna alimfungulia mlango, na Lyle akatoka na bunduki ya baba yao begani.

Alhamisi, siku ya sikukuu, Lyle alikuja kula. Alimkata bata mzinga kwa ustadi, akala pai ya malenge vipande viwili, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu kiangazi. Kisha akampigia binti yake simu, akaongea naye kwa muda mrefu, tena kwa upole. Alipoondoka alimkumbatia dada yake, jambo ambalo si kawaida yake. Verna aliosha vyombo huku akiimba. Alimshukuru Mungu, akajiambia kwamba Ingrid Saltz na wenzake wana vitabu vingi lakini watu hawawajui.

Jumamosi kulipopambazuka milio ilianza juu ya mlima, mmoja huku, mitatu kule, kama inavyokuwa kila mwaka. Siku hiyo kila nyumba bondeni husikiliza na kukisia: huyo ni fulani, huyo amekosa, huyo amepata. Verna, goti likiwa halimruhusu tena kupanda mlima, alikuwa akimenya viazi. Alisikia na ule mmoja. Ulikuwa mlio kama mingine, naye aliendelea kumenya. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi baadaye, kwamba aliusikia na kisu hakikumtoka mkononi.

Merle alikuja kabla ya saa sita mchana. Alisimama kwenye ngazi na kizibao chake cha rangi ya chungwa, kofia mkononi, tope mpaka magotini.

"Ameteleza, Verna," alisema. "Alikuwa anavuka gogo pale kijitoni. Bunduki ikafyatuka."

"Gogo."

"Lilikuwa na barafu juu."

Kabla ya kuvuka gogo unatoa risasi, unalaza bunduki ng'ambo, ndipo unavuka mikono mitupu. Hilo ni somo la kwanza. Verna alimfundisha Lyle akiwa na miaka kumi, na huyo Merle mwenyewe alifundishwa naye baadaye kidogo, kwenye uwanja uleule wa shabaha. Merle alijua kwamba Verna anajua. Macho yalikuwa yamemvimba, na alimtazama kama mtu anayeomba maji.

"Aliteleza," alirudia.

"Ndiyo," alisema Verna. "Aliteleza."

Wote walisema hivyo. Askari wa kaunti, ambaye naye aliwahi kupanda basi la Verna, aliandika hivyo. Mchungaji alisema hivyo makaburini. Siku ya mazishi, kwenye chakula ndani ya ukumbi wa zimamoto, watu walimshika Verna mkono mmoja baada ya mwingine wakamwambia kwamba Lyle alikufa akifanya alichokipenda, na Verna akaitikia. Mwanzoni kila "ndiyo" ilimkwaruza koo. Kufikia sahani za viazi na nyama ya nguruwe ilikuwa inateleza yenyewe. Uongo wa aina hii watu huupika kwa upendo, na ndiyo maana unamezeka kirahisi na hakuna anayejua umeua wangapi.

Kayleen alikuja akiwa na sahani ambayo hakuigusa. Alikuwa mwanamke mzima sasa, na uso ulikuwa wa Lyle mtupu. Verna alikuwa amekaa na Merle na wazee wengine wa chama.

"Shangazi, niambie kitu kimoja," alisema. "Baba alivuka gogo na bunduki yenye risasi?"

"Barafu, binti yangu," Merle alianza. "Asubuhi hiyo kulikuwa na..."

"Sijakuuliza wewe, Mzee Merle. Namuuliza aliyenifundisha."

Verna aliweka uma chini. 

"Hapana," alisema. "Hakuteleza."

Merle alifumba macho. Waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Mama aliniambia bunduki zake ziko kwako," alisema Kayleen. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala hakuwa akilia. "Miezi yote hii. Kila nikiongea na baba kwenye simu nikasikia sauti yake ile ya unyonge, nataka kuja, najiambia tulia, ziko kwa shangazi. Hata Alhamisi nilijiambia hivyo. Zilikuwa kwako, si ndiyo?"

"Zilikuwa kwangu."

"Sasa alizipata wapi?"

Verna aliwatazama watu mezani. Alimtazama Merle, akawatazama wale wa kiwandani, akamtazama na Ingrid Saltz, aliyekuwa amekuja na bakuli la kabichi na tambi na kukaa mbali peke yake. Wengine wote walikuwa wameinamia sahani zao. Ingrid peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama.

"Nilimpa mimi," alisema. "Aliniomba humu humu, mbele ya hawa wote. Nilitaka kusema bado. Nikampa, nao wakanipigia makofi."

Kayleen alisubiri kidogo, kana kwamba kulikuwa na neno jingine linakuja. Kisha akaweka sahani yake mezani, akachukua koti lake, akatoka bila kumshika shangazi yake mkono.